Barua ya wazi kwa wasimamizi wa huduma za uzazi Kilimanjaro: swali moja ambalo sikuulizwa kliniki

Kwa Waheshimiwa Wasimamizi wa Huduma za Afya ya Uzazi, Mama na Mtoto,
Mkoa wa Kilimanjaro.

YAH: HUDUMA KWA WAJAWAZITO WENYE MALENGELENGE YA SEHEMU ZA SIRI NA KWA WATOTO WAO WACHANGA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mwalimu wa shule ya msingi na mkazi wa Pasua, hapa Moshi. Nawaandikia hadharani kwa sababu nimekwisha kuandika kwa faragha mara tatu bila kujibiwa. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono katika kituo nilikojifungulia. Ilipokelewa masijala, ikagongwa muhuri, na nakala yake ninayo. Ya pili niliielekeza kwa wakubwa wa kituo hicho, nikaifuatilia kwa miguu yangu mara nne, na kila mara niliambiwa kwamba inafanyiwa kazi. Ya tatu niliitumbukiza katika sanduku la maoni. Tangu barua ya kwanza imepita miezi kumi na minne. Sitakitaja kituo hicho wala mhudumu yeyote, kwa kuwa simtafuti mtu wa kufukuzwa kazi. Jina langu pia nimelihifadhi, kwa kuwa mwanangu atakua, atajua kusoma, na yeye ndiye mwenye haki ya kuamua habari zake zijulikane na nani.

Jambo lenyewe ni hili. Malengelenge ya sehemu za siri, ambayo madaktari huyaita hepesi, ni ugonjwa wa virusi ambao mama mjamzito anaweza kuwa nao na mtoto akazaliwa salama kabisa, ikiwa mhudumu mmoja atauliza, ataandika alichojibiwa, na atakayempokea mama leba atasoma kilichoandikwa. Kwangu hakuna aliyeuliza, na niliposema mwenyewe, hakuna aliyeandika.

Mimba yangu ya pili ilikuwa na wiki 34 nilipoanza kuumwa mwili kama mtu mwenye malaria. Siku iliyofuata mitoki ilivimba kwenye kinena, mkojo ukawa unaniunguza kiasi cha kuogopa kunywa maji, na nilipojitazama niliona vilengelenge vidogo vimekusanyika mahali pamoja, vingine vimekwisha kupasuka na kuacha vidonda. Nilikwenda kliniki siku hiyo hiyo. Nilipimwa malaria, haikuonekana. Nilipimwa mkojo, nikaambiwa nina UTI, nikapewa antibaiotiki. Nilipotaja vidonda niliambiwa ni fangasi, jambo la kawaida kwa wajawazito, nikaandikiwa vidonge vya kuweka ukeni. Hakuna aliyeniambia nipande kitandani anitazame. Baada ya wiki moja nilirudi kwa sababu maumivu yalikuwa hayajaisha, na safari hii nesi aliyekuwa mezani aliniuliza, kwa sauti iliyosikika benchi zima la kina mama, kama mume wangu ametulia. Sikulisema tena kliniki. Nyumbani nilijikanda kwa maji ya chumvi na kupaka mshubiri, kama nilivyoshauriwa na jirani aliyeamini kuwa huo ni mkanda wa jeshi. Mkanda wa jeshi ni ugonjwa mwingine, unaoletwa na virusi vya tetekuwanga, lakini nani mtaani kwetu angelijua hilo ikiwa kliniki yenyewe haikuniambia nina nini?

Uchungu ulinianza usiku, wiki ya 38. Kidonda kimoja kilikuwa bado hakijafunga vizuri, na nilimwambia mkunga. Alikuwa peke yake na wazazi sita. Simlaumu kwa uchovu wake. Alinijibu kwamba hiyo ni michubuko na nisiwe na wasiwasi. Njia ilipofunguka sentimita 5 chupa ilipasuliwa ili kuharakisha mambo, na saa sita baadaye nikajifungua mtoto wa kiume wa kilo 3.1, aliyelia vizuri. Kesho yake tuliruhusiwa kwenda nyumbani.

Siku ya nane, mama mkwe wangu, aliyekuwa ameshuka kutoka Kibosho kuja kunipikia mtori, ndiye aliyeona kwanza. Alimpakata mtoto, akamtazama kwa muda, akaniambia: "Mama, huyu mtoto amelegea. Hanyonyi kama jana." Mwili wake haukuwa na upele wala lengelenge hata moja. Tulimrudisha kituoni, akaanzishiwa sindano za antibaiotiki kwa maelezo kwamba ana maambukizi kwenye damu. Siku tatu zilipita bila nafuu. Siku ya nne alipata degedege, tukapewa rufaa. Huko tulikopelekwa, daktari wa watoto aliweka kando karatasi za rufaa na kuniuliza: "Mama, katika miezi ya mwisho ya ujauzito uliwahi kuona malengelenge au vidonda sehemu za siri?" Nililia. Nilikuwa nimehudhuria kliniki mara saba, nimepimwa damu, mkojo, shinikizo, uzito na urefu wa tumbo, na swali hilo lilinifikia mtoto akiwa tayari ana degedege. Mwanangu alitolewa maji ya uti wa mgongo ili yapimwe, akaanzishiwa dawa ya kupambana na virusi iitwayo asaiklovia kwa njia ya mshipa usiku uleule bila kusubiri majibu, akaipata kila baada ya saa nane kwa siku 21. Yu hai. Alikaa bila kuegemea alipofika miezi kumi na mmoja, na sasa, akiwa na mwaka mmoja na miezi saba, anahudhuria mazoezi ya viungo kila Jumatano asubuhi.

Tangu hapo nimesoma, nimeuliza, na nimewabana madaktari kwa maswali mpaka nikaelewa ni nini kilipaswa kufanyika na hakikufanyika. Malalamiko yangu ni haya.

1. Swali haliulizwi.

Kliniki ya wajawazito hupima VVU na kaswende, na hata mwenza huitwa apimwe. Ni kazi njema na naishukuru. Lakini kuhusu malengelenge hapakuwa na hata swali la mdomo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 846 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wanaishi na maambukizi haya ya sehemu za siri, yaani zaidi ya mtu mmoja kati ya watano, na wengi wao hawana dalili au wana dalili ndogo wasizozitambua. Hapa Moshi penyewe watafiti walivichunguza virusi hivi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, miongoni mwa wanawake wanaofanya kazi katika baa na hoteli, kwa hiyo haviwezi kuitwa vigeni kwetu.

Na swali linalotakiwa si moja, ni mawili. La kwanza ni kama mama mwenyewe amewahi kuona malengelenge au vidonda. La pili ni kama mwenza wake amewahi kuviona, sehemu za siri au mdomoni. La pili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mwanamke ambaye hana virusi na mumewe anavyo ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi katika miezi mitatu ya mwisho. Huyo anapaswa kuambiwa waziwazi kwamba katika kipindi hicho ni bora wasikutane kimwili, au wakikutana watumie kondomu, na kwamba mume mwenye malengelenge mdomoni anaweza kumwambukiza mkewe sehemu za siri kwa mdomo. Nafahamu kwamba maneno hayo ni mazito kuyatamka mbele ya wanandoa. Yanatamkika.

2. Mgonjwa hatazamwi.

Mama akisema mkojo unauma, anaandikiwa dawa ya UTI. Akisema anawashwa, anaandikiwa dawa ya fangasi. Vidonda vya malengelenge mtaalamu huweza kuvitambua kwa macho, kwa kitanda, pazia na tochi. Nilikwenda mara mbili katika wiki ambazo dawa ingenisaidia zaidi, na mara zote mbili niliketi kwenye kiti.

3. Hakuna anayetofautisha maambukizi mapya na ya zamani.

Hapa naomba uvumilivu wenu, kwa kuwa ndipo penye kiini cha barua hii. Mwanamke aliyepata virusi hivi kabla ya mimba amekwisha kutengeneza kinga, na kinga hiyo hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Ndiyo maana, hata kama malengelenge humrudia, hatari ya mtoto kuambukizwa akizaliwa kwa njia ya kawaida ni ndogo: haizidi watoto 3 kati ya 100 hata kidonda kikiwapo siku ya uchungu, na kisipokuwapo ni chini ya mtoto 1 kati ya 100. Mwanamke anayeambukizwa kwa mara ya kwanza karibu na kujifungua hana muda wa kutengeneza kinga hiyo na kumgawia mtoto. Kwake hatari hupanda hadi watoto 30 mpaka 50 kati ya 100. Kwa macho kidonda ni kilekile, lakini watoto hao wawili hawazaliwi katika hatari moja.

Kwa sababu hiyo mpango wao pia hautakiwi kuwa mmoja. Mwenye maambukizi ya zamani huanza kumeza asaiklovia kuanzia wiki ya 36, kwa kawaida miligramu 400 mara tatu kwa siku hadi anapojifungua, ili malengelenge yasijitokeze siku hiyo. Akifika leba anatazamwa, na kama hana kidonda wala zile dalili za mwanzo, yaani mwasho na kuchomachoma, anajifungua kawaida. Iwapo kidonda kipo, wataalamu wa Marekani wanashauri upasuaji, na wale wa Uingereza huruhusu mama ajifungue kawaida baada ya kuelezwa ukubwa wa hatari. Mimi si wa kuamua kati yao. Nadai tu kwamba wetu nao wawe wamechagua na wamemweleza mama.

Kuhusu aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu ya mwisho, pande zote mbili zinakubaliana: atibiwe mara moja, aendelee na dawa hadi kujifungua, na apangiwe upasuaji, hasa ikiwa uchungu unaanza ndani ya wiki sita tangu vidonda vya kwanza. Mimi ulinianza ndani ya wiki nne. Neno upasuaji halikutamkwa mbele yangu hata mara moja.

Naomba nieleweke vizuri, kwa sababu kuna dada zangu watakaosoma barua hii wakiwa wajawazito na wana malengelenge ya miaka mingi: sisemi kila mwenye ugonjwa huu apasuliwe. Upasuaji una hatari zake, kwa mimba hii na kwa zitakazofuata, na wengi wenu mtazaa kwa njia ya kawaida watoto wazima. Ninyi ndio mnaoweza kulindwa kwa urahisi kuliko wote, kwa vidonge vya wiki nne, mradi mtu ajue mpo.

4. Leba haijui mama amepitia nini.

Kadi yangu ya kliniki ilikuwa na uzito wangu wa kila mwezi, lakini haikuwa na neno lolote kuhusu vidonda. Mkunga wa zamu ya usiku hakuwa na namna ya kujua isipokuwa kwa kunisikiliza mimi, nami nilikuwa katika maumivu. Mama mwenye malengelenge anapaswa kutazamwa nje na ndani kwa mwanga wa kutosha mara tu anapofika. Chupa isipasuliwe bila sababu ya lazima, kwa kuwa ndiyo inayomkinga mtoto na virusi vilivyo njiani. Na vifaa vya kumvuta mtoto kichwani viepukwe inapowezekana, kwa sababu mchubuko mdogo wa ngozi yake ni mlango. Chupa yangu ilipasuliwa ili kuharakisha mambo, na aliyeipasua hakujua alichokuwa anafungua. Huyo naye alikosewa, sawa na mimi, kwa kuachwa afanye kazi bila taarifa.

5. Mtoto mchanga hutibiwa ugonjwa mmoja tu.

Hepesi ya watoto wachanga hujitokeza kwa kawaida ndani ya wiki nne za mwanzo. Inaweza kuonekana kwenye ngozi, macho na mdomo. Inaweza kuingia kwenye ubongo. Au inaweza kusambaa mwilini hadi kwenye ini na mapafu. Watoto wengi wa aina hizo mbili za mwisho hawana lengelenge lolote la kuonyesha mwanzoni, kama wangu: wanalegea, wanakataa ziwa, wanapata homa au wanapoa mwili, kisha degedege. Pasipo matibabu, aina iliyosambaa mwilini huua watoto takriban 85 kati ya 100, na ile ya ubongo nusu yao. Kwa asaiklovia ya mshipa, vifo vya aina ya ubongo hushuka hadi takriban 5 kati ya 100 na vya ile iliyosambaa hadi 30 hivi. Antibaiotiki haziui virusi. Siku tatu alizopewa mwanangu antibaiotiki peke yake ni siku tatu ambazo ubongo wake ulikuwa ukishambuliwa bila kizuizi, na kila Jumatano ninapomshika mikono ajaribu hatua moja, ninazihesabu.

Tunaporuhusiwa kwenda nyumbani tunafundishwa usafi wa kitovu na unyonyeshaji. Hatuambiwi kwamba mtu mwenye vile vidonda vya homa mdomoni asimbusu mtoto, ingawa wageni wa uzazi huanza kuingia siku hiyohiyo na kila mmoja hutaka kumpakata. Wala hatuambiwi kwamba mama mwenye malengelenge ukeni aendelee kunyonyesha bila hofu, ilimradi hana kidonda kwenye titi lenyewe na ananawa mikono.

6. Lugha ya kliniki inavunja nyumba.

Sentensi ile iliyotamkwa mbele ya benchi ilifika kwa ndugu zangu kabla sijafika mimi. Ndoa yetu ilikaliwa vikao viwili vya ukoo. Baadaye mume wangu alipimwa damu ikaonekana virusi anavyo, na hajawahi kuona lengelenge lolote maishani mwake. Virusi hivi hujificha kwenye mizizi ya neva kwa miaka, mtu akavibeba tangu kabla ya ndoa bila kujua na akaambukiza bila kidonda. Lengelenge la kwanza halithibitishi usaliti wa mtu yeyote, na mhudumu anayedokeza hivyo anasema kitu ambacho sayansi haimruhusu kukisema. Mama mkwe wangu ndiye aliyekimaliza kikao cha pili, kwa kusema kwamba mtoto yuko wodini na yeye anakwenda kumpelekea mkwewe uji.

Waheshimiwa, yapo majibu ambayo najua yatatolewa mezani kwenu barua hii ikisomwa, na ningependa niyajibu mapema.

Itasemwa kwamba ugonjwa huu kwa watoto ni nadra. Ni kweli, Shirika la Afya Duniani linakadiria watoto 10 katika kila vizazi 100,000 duniani. Lakini mahali ambapo mama haulizwi na mtoto hapimwi, ni rahisi sana kifo cha siku ya kumi na mbili kuandikwa maambukizi ya damu na faili likafungwa. Wangu angeandikwa hivyo. Tena watoto wengi wanaoambukizwa huzaliwa na mama wasiojua kuwa wana virusi, kwa hiyo jibu la "mama hakusema" halitoshi, na kwangu halisimami hata kidogo, kwa kuwa nilisema mara tatu.

Itasemwa kwamba hakuna vipimo. Kuuliza si kipimo, na kutazama hakuhitaji maabara. Daktari aliyemwokoa mwanangu alianza dawa kabla ya majibu, kwa kutegemea swali na jibu.

Itasemwa kwamba dawa haipo, au kwamba ni hatari kwa mjamzito. Vidonge vya asaiklovia vinauzwa katika maduka ya dawa ya mjini hapa, na dawa yenyewe imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kuhusu usalama, kati ya mwaka 1984 na 1999 ilitunzwa rejista maalumu ya mimba zaidi ya 1,200 ambazo mama aliitumia, na haikuonekana kwamba watoto wao walizaliwa na kasoro zaidi ya watoto wengine. Ile ya mshipa ndiyo ngumu kupatikana. Mume wangu alizunguka maduka matatu usiku kuitafuta dozi ya kwanza. Hilo ni jambo ambalo mzazi hawezi kulitatua, ninyi mnaweza.

Itasemwa kwamba wahudumu ni wachache. Nimewaona, nakubali, na ndiyo sababu naomba jambo liandikwe. Mkunga mmoja mwenye wazazi sita hawezi kukumbuka, lakini anaweza kusoma mstari mmoja.

Na itasemwa kwamba wanawake wataona aibu, ndoa zitavunjika, kadi zitasomwa na majirani. Tangu mwaka 2013 nchi hii imekuwa ikimwanzishia kila mjamzito anayekutwa na VVU dawa za maisha yake yote, katika kliniki hizihizi, kwa wauguzi hawahawa, na siri iliyokuwa nzito kuliko hii ikapata namna ya kutunzwa huku mtoto akilindwa. Kilichowezekana kwa VVU hakiwezi kushindikana kwa malengelenge.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Maswali yale mawili yaingizwe katika hudhurio la kwanza la kliniki na yarudiwe katika wiki za 28 na 36, ndani ya chumba, mlango ukiwa umefungwa, na kila mjamzito anayetaja vidonda atazamwe siku hiyohiyo. Majibu yaandikwe kwenye kadi kwa alama ambayo kila mkunga wa mkoa huu ataielewa na jirani anayechungulia hataielewa, pamoja na wiki vidonda vilipoonekana kwa mara ya kwanza, kwa kuwa tarehe hiyo ndiyo inayoamua kati ya vidonge na upasuaji. Vidonge vya asaiklovia viwepo kwenye kliniki za wajawazito, visiwe vya kwenda kununua. Ukutani mwa kila leba ubandikwe ukurasa mmoja wenye hatua za kufuata kwa mama wenye maambukizi mapya na kwa wenye ya zamani, na kituo kisichoweza kupasua kimpe rufaa mama mwenye maambukizi mapya kabla ya uchungu, badala ya kungoja uanze. Kila hospitali inayolaza watoto wachanga iwe na akiba ya asaiklovia ya mshipa, na mtoto wa chini ya mwezi mmoja mwenye degedege, au asiyepata nafuu kwa antibaiotiki, afikiriwe hepesi siku ya kwanza na mama yake aulizwe lile swali.

Mwisho, naomba barua za wazazi zijibiwe. Sikuhitaji fidia katika barua zangu tatu, na sihitaji sasa. Nilihitaji mtu aniandikie kwamba mama atakayekuja na vidonda wiki ya 34 atatazamwa. Nawapa siku 60 kuanzia leo kunijibu kwa maandishi, kupitia ofisi ya serikali ya mtaa wangu, ambako nimeacha jina langu kamili katika bahasha iliyofungwa. Nakala za barua za awali, kadi yangu ya kliniki na karatasi za rufaa ya mtoto viko tayari. Jumatano asubuhi tunakuwa mazoezini. Siku nyingine yoyote mtakayoniita, nitakuja, na mwanangu nitakuja naye.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama wa Pasua, Moshi